Maswali ya Wasomaji: Kumganda Mwenzi na Kumkimbia

Katika toleo lililopita tulieleza kwamba yoga, kabla ya kuwa mazoezi ya viungo yanayofanywa katika kumbi za Westlands na Kilimani, ni falsafa kongwe ya kuichunguza akili ya binadamu na mateso inayojiletea. Wasomaji kadhaa wametuandikia baada ya hapo wakitaka kujua kama falsafa hiyo ina lolote la kusema kuhusu mapenzi na ndoa. Tumechagua barua tatu, na tumeondoa humo mambo yote yanayoweza kuwatambulisha walioziandika.

Swali: Je, nijifunze kutompenda?

*Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, ninaishi Umoja na ninafanya kazi ya uhasibu mjini. Nina mchumba ninayempenda sana, lakini akichelewa kujibu ujumbe wangu siwezi kufanya kazi. Ninafungua simu kila baada ya dakika chache kutazama kama alama zimegeuka buluu, na zikigeuka buluu bila jibu kuja, roho yangu hukaa juu mpaka jioni. Juzi nilimtumia ujumbe wa salamu, nikafuatisha wa kumlaumu, kisha mwingine wa kumwomba msamaha kwa kumlaumu, na yote mitatu alikuwa hajasoma hata mmoja. Kumbe alikuwa ndani ya matatu akielekea Nakuru, simu imeishiwa chaji, na safari yenyewe alikuwa ameniambia asubuhi. Mchumba wangu wa kwanza aliniacha kwa tabia hii hii. Nimesoma mahali kwamba yoga inafundisha watu wasifungamane na chochote. Je, nijifunze kutompenda?*

Dada yangu, hapana. Usijifunze kutompenda, na hakuna mwalimu wa yoga anayeijua kazi yake atakayekuagiza jambo kama hilo. Hata hivyo umegusa mahali ambapo watu wengi hupotoka, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa utaratibu kile ambacho falsafa hii inasema hasa.

Chimbuko lake kuu ni Yoga Sutra, kitabu kinachohusishwa na mwanazuoni wa Kihindi aitwaye Patanjali, chenye kauli fupi zipatazo 196 zilizogawanywa katika sura nne. Katika sura ya pili Patanjali anataja mambo matano yanayomtesa binadamu kutoka ndani, ambayo huitwa klesha. La kwanza ni avidya, yaani kutoyaona mambo jinsi yalivyo, na hilo anasema ndilo shamba ambamo mengine manne huota. Yanayofuata ni asmita, ambayo ni kudhani kwamba mawazo yako ndiyo wewe. Raga, ambayo ni kuvutwa na raha. Dwesha, ambayo ni kuyachukia na kuyakimbia maumivu. Na abhinivesha, ile hofu ya kukoma ambayo kila kiumbe huzaliwa nayo.

Sasa tazama anavyoieleza raga, kwa maana ndiyo inayokuhusu zaidi. Hakuna mahali anaposema kwamba raga ni kumpenda mtu. Anasema ni kile kinachoiandama raha: mtu ameonja raha, kumbukumbu yake imebaki, na kumbukumbu hiyo inamsukuma aitafute tena. Ukiisoma barua yako mwenyewe kwa jicho hilo, utaona kwamba unachokitafuta katika simu saa nne asubuhi, hesabu za watu zikiwa zimefunguliwa mbele yako, ni ile nafuu inayokujia jibu linapoingia. Kifua hulegea, pumzi hushuka, macho hurudi kwenye kazi. Nafuu hiyo ni tamu kwelikweli, na kila inapokuja huacha ndani yako alama ambayo wanafalsafa wa yoga huiita samskara, na alama hiyo ndiyo itakayokufanya kesho uinyakue simu mapema zaidi kuliko leo. Mchumba wako amegeuka kuwa njia ya kuipata nafuu. Naamini hilo ndilo lililomchosha yule wa kwanza, kwamba mchana kutwa aliombwa nafuu, na yeye mwenyewe, pamoja na safari zake na uchovu wake, hakuonekana.

Chini ya raga yako kuna abhinivesha, hofu kwamba uhusiano huu utakwisha na wewe utakwisha pamoja nao. Usiione aibu. Patanjali mwenyewe anasema kwamba hofu hiyo hutiririka hata ndani ya wenye elimu, na mimi sijaona mtu aliyepona kwa kujidharau.

Kuna elimu nyingine inayoliangaza jambo hili, nayo ilichunguzwa karibu na kwetu kuliko wengi wanavyojua. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, ambaye alishirikiana kwa miaka mingi na daktari Mwingereza John Bowlby katika nadharia ya uhusiano wa mtoto na mlezi wake, alifika Uganda mwaka 1954. Akiwa huko alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akiangalia jinsi watoto wachanga wanavyoishi na mama zao, na matokeo akayachapisha mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto anayejua kuwa mama yake ataitambua haja yake na kuitikia huthubutu kutambaa mbali naye na kukichunguza chumba, kwa kuwa ana pa kurudi. Asiye na uhakika huo hulia hata akiwa amepakatwa. Mwaka 1987 watafiti Cindy Hazan na Phillip Shaver waliandika kwamba mielekeo inayofanana na hiyo huonekana pia katika mapenzi ya watu wazima.

Nimeyataja haya ili nikuondolee mzigo usio wako. Haja ya kuwa na mtu wa kumtegemea si klesha. Mtoto anayetambaa kurudi kwa mama yake hajakosea, nawe hujakosea kutaka mwanamume anayejibu. Swali ambalo yoga inakuuliza ni hili: haja hiyo inapokaa dakika arobaini bila kujibiwa, unaifanyia nini?

Bhagavad Gita, kitabu kingine cha kale cha Kihindi kinachofundisha yoga, katika sura ya pili, beti za 62 na 63, inaonyesha mnyororo ambao wewe umeueleza bila kujua. Mtu akikiwaza kitu tena na tena, hufungamana nacho. Kufungamana huzaa tamaa. Tamaa huzaa hasira. Hasira huzaa kuchanganyikiwa. Aliyechanganyikiwa hupoteza kumbukumbu. Na kumbukumbu ikipotea, busara huharibika. Rudi kwenye ujumbe wako wa pili, ule wa lawama. Ulipokuwa ukiuandika, ulikuwa umekwisha kusahau kwamba asubuhi ile ile mtu huyu alikuambia anasafiri. Beti hizo zilitungwa karne nyingi kabla ya simu, na bado zimeipiga picha siku yako.

Watu wengi hujaribu kuukata mnyororo huu kwenye hasira, na hapo huwa wamechelewa. Ukate mwanzoni, kwenye kuwaza tena na tena. Mkono unapoelekea kwenye simu, igeuze simu kifudifudi mezani, nyoosha mgongo kitini, vuta pumzi kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita, mara kumi. Usilifukuze wazo, litafute mwilini, uone kama limekaa kooni au kifuani. Kisha andika daftarini sentensi mbili tu, moja ya kilichotokea na moja ya ulichojiambia. "Hajajibu" ndicho kilichotokea, na "amenichoka" ndicho ulichojiambia, na avidya huishi pale ambapo ya pili imechukuliwa kuwa ya kwanza. Jioni ukilisoma daftari hilo, utaanza kuijua sauti ya hofu yako na kuitofautisha na habari za kweli. Patanjali anasema kwamba mazoezi hushika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa na kwa moyo wote, kwa hiyo usijihukumu kwa wiki ya kwanza.

Halafu zungumza naye, kwa kuwa kusema kweli ni sehemu ya njia hii sawa na pumzi. Mwambie: "Nisipopata jibu ninaingiwa na hofu. Hofu hiyo ni yangu, nami ninaishughulikia, lakini nitashukuru ukinidokeza unapokuwa njiani." Na ikiwa baada ya miezi ya kutulia na kutazama utagundua kwamba mtu huyu hupotea siku nzima kwa makusudi na hurudi bila maelezo, basi huo ni ukweli unaomhusu yeye, na daftari lako litakuwa limekusaidia kuuona.

Swali: Nimefikia hali ya kutofungamana, mbona nyumba yangu haina amani?

*Mwalimu, mimi ni mume na baba wa watoto wawili, ninaishi Lang'ata. Nimefanya yoga na kusoma vitabu vyake kwa miaka kadhaa, nami naona nimepiga hatua katika vairagya, hali ya kutofungamana. Sina wivu, sigombi, simfuatilifuatilii mke wangu. Lakini yeye anasema anaishi na mpangaji. Mwezi uliopita mama yake alilazwa hospitalini, akawa analia sebuleni, nami nikamweleza kwamba kila kitu hupita, kisha nikaenda zangu kutembea katika msitu wa Karura ili nisichukuliwe na huzuni yake. Niliporudi nilimkuta amehamia chumba cha watoto. Ni vyema pia nikuambie kwamba nililelewa na babu baada ya wazazi wangu kuachana, na katika nyumba ile mtoto aliyelia alinyamazishwa kwa fimbo. Je, tatizo ni mke wangu kutoielewa njia hii?*

Ndugu yangu, nakuheshimu kwa kuandika sentensi ile kuhusu babu yako, maana hukulazimika kuiandika, nami naona ndiyo iliyobeba jibu lako. Tatizo si mke wako.

Uliuacha uchungu wa mwenzako sebuleni ukaupa jina la vairagya. Sikulaumu kwa nia mbaya, kwa sababu kosa hili ni la kawaida mno miongoni mwa watu wanaoipenda falsafa hii, hasa wanaume ambao tangu utotoni walifunzwa kwamba machozi ni hatari. Mtu wa namna hiyo akikutana na mafundisho ya kutofungamana hujisikia amefika nyumbani, kwa kuwa mafundisho yanaonekana kuyasifu yale aliyokuwa akiyafanya siku zote. Lakini Patanjali, mara tu baada ya kuieleza raga kuwa inaiandama raha, anaieleza dwesha kuwa inayaandama maumivu. Mtoto wa babu alijifunza kwamba kulia huleta fimbo. Alama hiyo ikabaki. Leo mtu mwingine akilia mbele yake, miguu humpeleka Karura. Huo ni ufungwa ule ule wa dada wa Umoja, ila yeye amefungwa kwa kuvuta na wewe umefungwa kwa kusukuma.

Unasema huna hasira wala wivu. Huenda ni kweli, lakini soma kwa makini kauli ya nne ya sura ya pili, ambapo Patanjali anasema kwamba klesha huweza kuwa katika hali nne: zimelala, zimepunguzwa nguvu, zimekatizwa kwa muda, au ziko wazi zikifanya kazi. Vyasa, mfafanuzi wake wa kale, anatoa mfano wa mwanamume aitwaye Chaitra: kwa kuwa Chaitra anampenda mwanamke mmoja, haina maana kwamba hana matamanio kwa wengine, kwa huyu mapenzi yako wazi, kwa wale yamenyamaza yakingoja. Kwa hiyo utulivu wa mtu haujathibitishwa na kutoona kwake hasira, kwa sababu kilicholala hakionekani. Utulivu wa kweli hupimwa mtu anapokaa karibu na kile kinachomgusa. Wewe hukukaa. Uliondoka kabla ya kipimo.

Kuna kauli nyingine ambayo ningependa uibandike mahali utakapoiona kila siku, nayo ni ya 33 katika sura ya kwanza. Hapo Patanjali anasema akili hutulia kwa kukuza urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wenye huzuni, kufurahia wema wa watenda mema, na kutojishughulisha na maovu ya watenda maovu. Angalia alipokuweka kule kutojishughulisha. Kutojishughulisha huko ni kwa ajili ya maovu peke yake. Mwenye huzuni amemtengea huruma, na mke anayemlilia mama yake ni mwenye huzuni. Umechukua dawa iliyoandikiwa ugonjwa mwingine, na umeinywa kwa uaminifu kwa miaka.

Hata Gita, ambayo wengi huitaja wanapotaka kujitenga, inaanza na mtu anayetaka kuondoka. Shujaa Arjuna anaketi ndani ya gari lake la vita, ameweka upinde chini, anatoa sababu nzuri nzuri za kutofanya linalomkabili, na sura zote 18 ni mazungumzo ya kumrudisha kwenye wajibu wake. Anachoambiwa akiache ni kuyang'ang'ania matunda ya tendo. Tendo lenyewe anaambiwa alitende. Kwako wewe tendo ni kukaa kwenye kiti kile cha sebuleni, na tunda usilopaswa kulidai ni kwamba mkeo anyamaze upesi ili wewe upate raha.

Leo jioni, basi, watoto wakishalala, muulize mkeo, "Mama anaendeleaje?" Akianza kusema, usimfundishe chochote. Usiseme kwamba kila kitu hupita. Utaona mahali fulani mwili wako ukianza kutafuta mlango: labda utakumbuka gari halijafungwa, labda utataka maji. Itambue hali hiyo, weka nyayo zote mbili sakafuni, na ukae pumzi kumi zaidi ya pale ulipotaka kuondoka. Patanjali anashauri kwamba mawazo yanayodhuru yakikujia ukuze yaliyo kinyume chake, na kwa mtu aliyezoea kukimbia, kinyume ni kusogea. Ukizidiwa kabisa, mwambie, "Nipe nusu saa, nitarudi," na urudi kabla nusu saa haijaisha, hata kama hujajua la kusema. Kwa mtu aliyezoea kuachwa peke yake na machozi, kule kurudi kwa wakati kuna uzito kuliko hotuba. Na mwombe msamaha kwa siku ile ya Karura, bila maelezo ya falsafa. Kuhusu babu, ningekushauri umtafute mshauri wa kisaikolojia, kwa kuwa alama nyingine ni za zamani mno kuzichimba peke yako.

Naongeza jambo moja kwa wasomaji wote. Watu wa aina hizi mbili, anayeganda na anayekimbia, huoana mara nyingi, na kila mmoja humthibitishia mwenzake hofu yake: huyu akifuata, yule huona anabanwa na hurudi nyuma; yule akirudi nyuma, huyu huona anaachwa na hufuata kwa nguvu zaidi. Nimewasikiliza wenzi wengi wakibishana ni nani aliyeanza. Ni afadhali kila mmoja aulize ni kitu gani kilichopita mwilini mwake kabla ya kufuata au kukimbia, amwambie mwenzake, na mwenzake asikilize mpaka mwisho.

Swali: Je, kuvumilia kipigo ni yoga?

*Mwalimu, mume wangu hunipiga akilewa. Rafiki tunayefanya naye mazoezi hapa Kayole ameniambia nisifungamane na maumivu, nimpende bila kutarajia chochote. Kinachonishangaza ni kwamba bado nampenda. Nifanye nini?*

Dada, rafiki yako amekosea, na amekosea katika jambo la hatari. Msingi wa kwanza kabisa wa maadili ya yoga ni ahimsa, kutodhuru, na wewe umo miongoni mwa wasiopaswa kudhuriwa. Kutojishughulisha na maovu, tulikokutaja hapo juu, ni kutouacha moyo wako ulowe chuki. Si amri ya kubaki pale ngumi inapotua. Na kuendelea kumpenda hakupaswi kukushangaza. Kumbukumbu ya siku njema bado inakuvuta, kama raga ifanyavyo kwa kila mtu, na kuvutwa huko si ushahidi kwamba ni salama kubaki.

Kwa sasa acha mazoezi ya kuitazama akili, ushughulikie mwili wako. Ukiumizwa, nenda hospitalini ili majeraha yaandikwe, kisha polisi, ukaombe fomu ya P3, ile ya kuthibitisha majeraha, na kuzungumza na dawati la jinsia. Nambari 1195 hupigwa bila malipo ukihitaji msaada na maelekezo. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumzuia mume asikukaribie. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, dada au jirani, na umwachie nakala za kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, wiki hii.